Uliza Mwalimu: "Kazi ninayo, lakini moyo uko darasani"

Swali: Asalamu aleikum, Mwalimu. Naishi Gongoni, nina miaka 39 na watoto watatu. Nina digrii ya sayansi, kemia, na tangu nimalize chuo napima ubora wa chumvi kwenye kampuni moja ya huku. Jioni nafundisha vijana wa jirani hesabu na kemia barazani kwangu, na moyo wangu umehamia huko. Shemeji yangu aliye New Jersey alikuwa karani wa benki, sasa anafundisha shule ya serikali, na aliingia darasani huku bado anasomea ualimu. Hapa kwetu iko njia kama hiyo? Au niache kazi nirudi chuo miaka minne? KCSE nilipata B-, kemia B, hisabati C+, baiolojia C.
*Baba Mwanajuma, Gongoni*

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Hiyo miaka minne iondoe kichwani. Mwenye digrii isiyo ya ualimu husoma Stashahada ya Uzamili katika Elimu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la PGDE. Kwa kawaida ni mwaka mmoja, na ndani yake mna kipindi cha mazoezi ya kufundisha shuleni. Chuo Kikuu cha Pwani kiko hapo Kilifi, unabadilisha gari Malindi tu. Chuo Kikuu cha Kenyatta nacho hutoa kozi hiyo. Viko vyuo vinavyopanga masomo wakati wa likizo za shule, kwa hiyo hilo liulize mapema, ukiwa bado unapokea mshahara.

Lakini kabla hujalipa karo, na kabla hujamwambia msimamizi wako lolote, toa karatasi mbili: cheti cha KCSE na transkripti ya chuo. Ziweke mezani pamoja uzisome kwa utulivu. Wengi huja kwangu na digrii mkononi wakidhani hiyo ndiyo itakayotazamwa kwanza. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, huanzia chini. Anayetaka kusajiliwa kufundisha sekondari kwa digrii anatakiwa awe na C+ ya jumla kwenye KCSE, na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Masomo hayohayo lazima yaonekane tena kwenye digrii yake. Namjua dada mmoja hapa Malindi aliyemaliza kulipa karo yote ndipo akakumbuka kwamba hisabati yake ya Kidato cha Nne ilikuwa C. Alilia, nami nikakosa la kumwambia.

Wewe KCSE imekuvusha. Kemia iko na hisabati iko, ila baiolojia iache. Pa kutazama sana ni transkripti. Wengi waliosomea kemia walichukua hisabati mwaka wa kwanza na wa pili, kisha wakaiacha. Hesabu yuniti zako za hisabati, nenda nazo kitivo cha elimu, uulize ana kwa ana: "Hizi zinatosha kuwa somo la pili?" Jibu ulipate kwa maandishi.

Kuhusu shemeji yako, alichokuhadithia ni kweli. New Jersey ni miongoni mwa majimbo ya Marekani yaliyotangulia kufungua njia hiyo, katikati ya miaka ya 1980. Mwenye digrii hufaulu mitihani ya jimbo, hupata shule iliyo tayari kumwajiri, halafu hufundisha kwa cheti cha muda huku akisoma ualimu na akisimamiwa na mwalimu mzoefu. Kwetu mlango huo haupo. Sheria ya TSC ya mwaka 2012, kifungu cha 23, inamkataza mtu kufundisha bila kusajiliwa, na hata mwalimu wa BOM, anayelipwa na bodi ya shule, anabanwa na sheria hiyohiyo. Kwa hiyo hapa utasoma kwanza, usajiliwe, ndipo uombe kazi.

Najua wapo wanaoona mwaka huo ni wa kupotezewa muda. Mimi siafikiani nao hata kidogo. Nilipokuwa naibu wa mwalimu mkuu, alikuja kwetu kwa mazoezi mtu aliyekuwa mhasibu wa hoteli, mjuzi wa kazi yake. Nikakaa dawati la nyuma na fomu yangu. Alijaza leja ubao mzima, mwandiko safi, mistari imenyooka, chaki mkono mmoja na kifutio mkono wa pili, wala hakuligeukia darasa mpaka kengele ikalia. Msichana wa safu ya mbele aliinua mkono kuuliza. Ulipochoka akaushikilia kwa mkono wa pili. Mwisho akaushusha. Tulizungumza naye baada ya kipindi, na yule bwana alikuwa msikivu. Baada ya wiki chache aliingia na bahasha ya stakabadhi za zamani: za samaki, za nazi, za gesi ya jikoni. Akazigawa kwa vikundi na kuwauliza, "Hoteli hii mwezi ule ilipata faida au hasara?" Watoto wakabishana mpaka wa darasa la jirani wakachungulia dirishani. Uhasibu alikuja nao. Hilo la kuwapa watoto kazi na yeye kunyamaza alilipata kwenye mazoezi. Nawe una chumvi, mwanangu. Siku utakayofundisha ukaushaji na ufuwele, chukua maji ya bahari ya Gongoni uende nayo darasani.

Sasa umri na pesa. Matangazo ya TSC ya ajira ya kudumu huweka kikomo cha miaka 45. Kwa miaka 39 nafasi unayo, ila usikae nayo. Kuna mwaka wa masomo, kuna kungoja mahafali, kuna usajili (utatakiwa cheti cha mwenendo mwema cha polisi, fomu ya daktari, PIN ya KRA na vyeti vyako vyote), halafu kuna kungoja tangazo. Kwenye usaili, miaka tangu uhitimu ualimu huhesabiwa alama, kwa hiyo waliokutangulia watakuwa mbele yako. Wengi huanza kama walimu vibarua wa Sekondari Msingi, ile JSS iliyoanza 2023, kwa mkataba wa mwaka na Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Na watoto watatu, kaa na mama watoto mpige hesabu hiyo kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.

Na yuniti za hisabati zikipungua, iko njia nyingine naipenda kwa watu kama wewe: vyuo vya kiufundi vya serikali. Wakufunzi wake sasa huajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Umma, hawako tena TSC, na leseni hutoka TVETA, mamlaka inayosimamia mafunzo ya kiufundi. Huko uzoefu wako wa maabara una uzito.

Swali: Mwalimu, nina KCSE ya C na cheti cha uhasibu, naendesha duka la M-Pesa. Huku Lamu walimu ni haba. Shule haiwezi kunichukua hivihivi?
*Bi Khadija, Langoni, Lamu*

Jibu: Bi Khadija, uhaba nauamini. Shule za wadi ya Basuba, kwenye msitu wa Boni, zimefungwa mara kadhaa tangu 2014 kwa sababu ya usalama, na watoto wa Waaweer, wenyeji wa msitu huo, ndio walioumia zaidi. Hata hivyo usikubali kuchukuliwa hivihivi. Sheria niliyomtajia ndugu yako wa Gongoni ni hiyohiyo kwako, na siku ya ukaguzi utakuwa wa kwanza kutolewa. C yako inakufikisha kwenye stashahada ya ualimu wa shule za msingi, miaka mitatu, na chuo kimoja cha serikali huku Pwani ni Shanzu, Mombasa. Kama ni watoto wa chekechea unaowataka, jua kwamba Katiba ya 2010 iliwakabidhi serikali za kaunti, kwa hiyo ajira hiyo usiingoje TSC. Panda ofisi ya elimu ya kaunti uulize wanahitaji stashahada gani na lini watatangaza tena nafasi.