Kwa wewe unayeanza kazi ya data za maji mkoani

Kila mwaka wanakuja vijana wapya kwenye kitengo cha data za maji na usafi wa mazingira, na karibu wote wanaanza na swali lile lile: faili linapandishwaje kwenye mfumo? Hilo utalijua kabla ya chai ya saa nne. Mimi nataka tuongee kinachotokea faili likishapanda, maana huko ndiko nilikoumbuka.

Ilikuwa Aprili, mvua zinaishilizia, tunazunguka vijiji vya wilaya moja mkoani Dodoma na vishikwambi vyetu. Tukafika kwenye kisima cha pampu ya mkono. Mama mmoja alikuwa anapampu, ndoo ya lita ishirini ikajaa fasta, maji meupe. Nikabonyeza "kinafanya kazi", nikachukua GPS, nikapiga picha. Mama akaniangalia ninavyobonyeza, akasema, "Sasa mwanangu, mbona hujaja Oktoba?" Nikacheka naye, tukaagana. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika Oktoba.

Baadaye mtu wa ofisi nyingine, ambaye mpaka leo sijaonana naye, alilichukua faili letu mtandaoni akapanga vijiji vya kuchimbiwa visima. Kile akakiruka. Kwenye ramani yake kilikuwa na doa la kijani, yaani kizima. Nilipopita tena msimu wa kiangazi nilikuta mikokoteni ya punda inauza maji kwa dumu, na pampu imefungwa kamba mpini usichezewe na watoto. Yule mwenzetu hakukosea chochote. Alisoma nilichoandika.

Data ikiwa mezani kwako, mtu akiitilia shaka anakuuliza, unamwambia "aa, hicho kisima hukauka kuanzia Septemba". Ikishatoka kwenda kwa watu wa mikoa mingine, wizarani, wafadhili, wanafunzi wa chuo, haina wa kuisemea. Kwa hiyo kile ulichokibeba kichwani kiingize kwenye mstari wa jedwali kabla hujabonyeza "tuma". Tarehe ya kutembelea iwe na safu yake, isiwe kwenye jina la faili peke yake, kwa sababu mafaili hubadilishwa majina. "Kinafanya kazi" iandikiwe maana yake: siku hiyo tu, au mwaka mzima? Kama fomu haina swali la miezi ya ukame, tumia sehemu ya maoni, halafu piga kelele mpaka liongezwe. Mimi nilipiga kelele miaka miwili.

Halafu kuna sifuri. Hii inanikera kuliko zote. Kuna seti ya data za vituo vya maji vya Tanzania iliyotokana na Taarifa (jina la jukwaa la kidijitali la kukusanya ripoti za miundombinu) na Wizara ya Maji, ikatumika kwenye shindano la kimataifa la kutabiri pampu ipi ni nzima na ipi imekufa. Sehemu yake ya kufundishia ina vituo 59,400. Ni hazina, ipakue ujifunzie. Ila ukiifungua utakuta vituo vingi mwaka wa ujenzi umeandikwa 0, na vingine vya Mwanza na Shinyanga vina longitudo 0, yaani viko katikati ya bahari kule Ghuba ya Guinea. Aliyejaza alimaanisha "sijui". Kompyuta haijui "sijui", inajua sifuri. Ukitafuta wastani wa umri wa miundombinu bila kuangalia, utapata pampu zilizojengwa kabla ya Nabii Isa. Usichokijua acha wazi, na uandike kwamba nafasi wazi maana yake ni hakijulikani. Sifuri iwe sifuri ya kweli: watu sifuri, shilingi sifuri.

Kuhusu GPS nitakupa mfano wa Dodoma kwa sababu ndiko nilikopatia kichwa kuuma. Mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita ndani ya mkoa huu. Bahi iko magharibi yake, kwenye kanda ya 36 ya UTM (mfumo unaogawa dunia kwenye kanda na kutaja mahali kwa mita), na Kongwa iko mashariki, kwenye kanda ya 37. Mtu wa Kongwa akikutumia namba zake bila kutaja kanda, nawe ukazisoma kwa kanda ya 36, vilula vyake, yaani vituo vya kuchotea maji ya bomba, vinahamia Katavi, karibu kufika Ziwa Tanganyika. Ukikosea kinyume chake, cha Bahi kinaogelea Bahari ya Hindi. Hayo makosa ni mazuri, maana yanaonekana. Baya ni lile la mashine iliyowekwa Arc 1960, kipimo cha ramani za zamani, wakati wenzako wote wanatumia WGS 84, kile cha GPS. Hapo kituo kinasogea takriban mita 300 tu, kinabaki kijiji kile kile au cha jirani, na ramani inapendeza kabisa. Sasa kumbuka Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mwananchi apate maji ndani ya mita 400. Kosa la mita 300 kwenye kipimo cha mita 400! Andika mfumo wa viwianishi (namba za kutaja mahali) kila mara. Ukiweza, toa nyuzi za desimali za WGS 84 na mambo yaishe.

Sera hiyo hiyo ndiyo iliyotuzoesha hesabu ya kilula kimoja kwa watu 250. Utaona watu wanazidisha: kijiji kina watu 1,500, vilula sita, basi huduma asilimia mia, makofi. Nimewahi kufika kwenye kijiji cha namna hiyo, vilula vyote vimepangana barabarani kama maduka, na kitongoji cha bondeni wanashuka korongoni. Na hata wa barabarani, je, foleni? Kipimo cha WHO na UNICEF cha huduma ya msingi ni safari ya kwenda na kurudi isiyozidi dakika 30, foleni ikiwemo. Mama aliye mita 200 kutoka kwenye kilula anayesubiri saa nzima anahesabika kwetu, kwao hahesabiki kwenye huduma ya msingi. Namba zote mbili ni halali. Zikikutana kwenye jukwaa moja bila maelezo, mtu atasema mmoja wenu anadanganya, na kwa kawaida atakayeambiwa hivyo ni wewe wa mkoani.

Majina ya mahali yanachosha lakini hayana ujanja mwingi. Geita, Simiyu, Katavi na Njombe ilifanywa mikoa mwaka 2012, Songwe 2016. Kituo cha Makete cha mwaka 2008 kimeandikwa Iringa, cha leo kimeandikwa Njombe, na ni kituo kile kile. Shikilia namba ya kituo isiyobadilika, majina yabadilike pembeni yake.

Vyoo ni habari nyingine, na hapa wengi wenye asili ya maji tunateleza. Data za vyoo vya kaya mara nyingi zinatoka kwa maafisa afya, kupitia madaftari ya vijiji na vitongoji, zina mzunguko wake na tafsiri zake. Kaa na afisa afya, unywe naye chai, umwulize choo bora kwake ni kipi. Sakafu inayosafishika? Mlango? Pa kunawia mikono? Halafu uliza kuhusu nyumba za kupanga. Choo cha vigae kinachotumiwa na kaya tano, mwenye daftari anaweza kukiandika mara tano kama choo bora. Kwenye ngazi za WHO na UNICEF choo cha kuchangia, hata kiwe kizuri vipi, hakipandi kwenye huduma ya msingi. Kama safu ya "kinachangiwa" haipo, huwezi kuitenganisha tena ukiwa ofisini. Nimejaribu. Haiwezekani.

Na kabla ya kutuma, futa majina na namba za simu. Fomu zetu hubeba jina la mlinzi wa pampu, la mhazini wa jumuiya ya watumia maji, wakati mwingine na la mwenye nyumba ambaye choo chake kimebomoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria, fikiria choo chako wewe kwenye ramani ya dunia nzima, na jina lako juu yake.

Sasa hivi nina tabia moja ambayo wenzangu wanaiona ya kizamani. Kila baada ya kupandisha data nachapa karatasi ya kila kijiji, herufi kubwa: kilula, kitongoji, hali, tarehe. Naituma ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Watu hawaingii kwenye mfumo, bando lenyewe la shida, ila wanasoma ubao wakisubiri mtendaji. Mara ya kwanza karatasi ya kijiji kimoja ilirudi na mistari ya kalamu nyekundu karibu kila mahali. "Hiki hakipo, bomba lilichukuliwa na mafuriko." "Hiki ni cha shule, sisi hatuchoti." Penye kisima kimoja cha pampu, pale palipoandikwa "kinafanya kazi", mtu alikuwa ameongeza kwa mwandiko wa polepole: mpaka mwezi wa nane.

Nikaongeza safu.