Tulinganishe vipi wateja bila kupeana orodha?

SWALI: Nauza viatu vya michezo, mwenzangu anauza baiskeli. Tunataka kujua ni wateja gani wa mmoja wetu wanaweza kununua kwa mwingine. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni na ridhaa. Aliyekupa namba ya simu ili aletewe mzigo hakukuruhusu kuipeleka kwingine, mwondoe.

Kisha safisheni namba, kwani hapa ndipo wengi huharibu. Zote zianze na alama ya + na msimbo wa nchi, bila nafasi wala vistari. Halafu kila namba igeuzwe kwa SHA-256, kanuni ya kompyuta inayoifanya namba iwe mfululizo wa alama 64. Nafasi moja ikibaki, itatoa alama 64 tofauti kabisa, na mteja mmoja ataonekana wawili.

Msijidanganye kwamba hapo mmeshaficha namba: kompyuta hujaribu namba zote zinazowezekana upesi tu. Tumieni HMAC, yaani kugeuza namba kwa njia hiyo hiyo lakini kwa kuichanganya na ufunguo wa siri mnaoujua ninyi wawili tu, na ulinganisho afanye mtu wa tatu asiyeujua ufunguo huo. Awarudishie jumla tu: aina ya bidhaa, mwezi, idadi ya wanunuzi.

Ujumbe kila mmoja awatumie wateja wake mwenyewe, akiitangaza bidhaa ya mwenzake. Asilimia 10, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, msiwatumie. Bila wao hamtajua kama mauzo yameletwa na ujumbe au yangekuja yenyewe.