Unataka kuandika bibi harusi wa Kihindi? Anza na mama mkwe wake

Juzi usiku kuna binti kanitumia meseji, ndefu kweli, nimeshalala nikaamka nikakaa kitako kuisoma. Anasema anaandika simulizi, msichana wa miaka 17 huko Gujarat, India, wazazi wamemtafutia mchumba, mwenyewe hajawahi hata kumuona, na harusi yote ameshaiandika, bwana harusi kaja na farasi, hina, maua, moto, wamezunguka, wamelia, gari limeondoka. Sasa asubuhi yake hajui binti afanye nini. "Dada nimekwama, naona kama stori imeishia pale pale kwenye maturubai," ndo maneno yake. Nikamjibu kwa kifupi alafu nikaona hapana, hili jambo nalijua vizuri na wengi humu mnaandika au mnataka kuandika, ngoja niliseme lote.

Simulizi yangu mimi ya bibi harusi wa Kibengali imemalizika mwezi uliopita. Nimeiuza kwa vipande kwenye magrupu ya WhatsApp na sioni haya kusema nimejivunia, kuna akina mama walikuwa wananitumia hela usiku wa manane ili wasome kabla ya wenzao, kuna mmoja alinipigia analia kwa sababu ya sura ya mama mkwe. Na hiyo hiyo simulizi kabla ya hapo niliipeleka kwa mchapishaji mmoja, simtaji, akanirudishia hata katikati hajafika, akaniambia Mswahili wa Tanga anaandikaje mambo ya Wahindi, nani atasoma, watu wanaangalia kwenye tamthilia inatosha. Liliniuma. Linaniuma mpaka leo, maana hakusema nimeandika vibaya, angesema hivyo ningerekebisha, alisema kwamba mimi sio wa kuandika hicho.

Sasa niwaambie kwa nini mimi ni wa kuandika hicho.

Mi niliposwa. Sikuwa na mtu, sikuwa na sababu ya kukataa, baba akaniita sebuleni akasema kuna watu wamekuja kutoka Pemba, watu wa heshima, unasemaje, nikainama nikanyamaza, na kwetu mwali akinyamaza wameshapata jibu. Mume wangu nilikuja kumuangalia usoni vizuri baada ya nikahi. Sio mtu mbaya, naomba ieleweke, tunaishi mpaka leo na anajua naandika haya. Lakini ile miaka ya mwanzo mi sikuishi na yeye, niliishi na mama yake. Yeye anatoka alfajiri kwenda bandarini anarudi usiku amechoka anakula analala, na mchana kutwa ni mimi, mama mkwe na mawifi, jiko moja.

Mama mkwe alikuwa na kabati la vyakula. Sukari, majani ya chai, samli, mchele wa wageni, vyote humo, na ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga, fundo dogo gumu, anapolifungua kwa meno ndo unajua leo kuna mtu anakuja. Nikitaka sukari ya chai ya mume wangu lazima niende nikasimame mlangoni niombe. "Vijiko vingapi?" Mtu nimeolewa, naulizwa vijiko. Hakuwahi kunipiga wala kunitukana, sasa nikienda kwetu nitasema nini, nimeonewa sukari? Halisemeki hilo, na ukishakuwa na jambo halisemeki linakaa kifuani linaoza.

Kipindi hicho hicho ndo nikaanza kuazima maktaba vitabu vya waandishi wa Kihindi, tafsiri za Kiingereza, nasoma polepole na kamusi pembeni. Nikakuta kwamba kwenye zile nyumba kubwa za Kibengali za zamani, mama mwenye nyumba alikuwa anafunga kishada cha funguo kwenye ncha ya sari yake anaitupia begani, akipita barazani unasikia funguo zinagongana mgongoni kabla hujamuona mwenyewe. Mwili ulinisisimka. Mwanamke wa Kolkata, mji wa Wabengali, dini nyingine, chakula kingine, na mkwe wangu wa Pemba, ufunguo uko sehemu ile ile, pindoni. Nilijua siku ile kwamba naweza kuandika nyumba ya Kihindi, na nitaiandika vizuri kuliko mtu anayeijua India kwa nguo tu.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujaandika chochote cha asubuhi ya pili, jua funguo ziko kwa nani. Ukishajua hilo binti yako hatokosa cha kufanya. Harusi ni siku chache, umeshaipamba, iache. Binti hakuolewa na yule kijana peke yake, ameingia kwenye nyumba yenye baba mkwe, mama mkwe, shemeji wakubwa na wake zao, shemeji wadogo, mawifi ambao hawajaolewa, pengine na shangazi mjane kwenye chumba cha nyuma, na kila mmoja ana nafasi yake tayari ila yeye. Na nafasi inapangwa kwa umri wa mume, sio wa kwake. Mke wa kaka mkubwa ana sauti juu ya mke wa kaka wa pili hata kama ni mdogo kwake kwa miaka. Huko kaskazini mwa India kwa desturi za zamani bibi harusi anajifunika uso mbele ya baba mkwe na kaka wakubwa wa mumewe, mumewe hamtaji kwa jina, na anakula wa mwisho, baada ya wanaume, baada ya watoto, baada ya mama mkwe. Anakula kilichobaki. Hebu andika hicho tu, sufuria inarudi jikoni, anafunua aone kilichobaki, umeshapata kurasa tatu.

Mwandishi wa Kibengali, Rabindranath Tagore, aliandika hadithi mwaka 1914, ni barua ya mke kwa mume. Yule mke kaolewa ana miaka 12, ameishi kwenye nyumba ile miaka 15, na nyumbani wanamuita kwa nafasi yake, mke wa mtoto wa pili wa nyumba. Kumbe miaka yote alikuwa anaandika mashairi kwa siri na hakuna hata mmoja aliyejua. Mi nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilikuwa na daftari langu chini ya godoro na mi, na mume wangu alikuwa analala juu yake.

Sasa kitu kingine ambacho wengi wa kwetu mnakiacha na ndo kitawachanganya wasomaji: pesa. Kwetu mwanaume ndo anatoa, anakuja na mahari, na mkaja wa mama, na vingine vyote. Kule kwa Wahindu wengi pesa inatoka kwa baba wa binti kwenda kwa kina bwana harusi. Binti anazaliwa tu baba ameshaanza kuhesabu. Msomaji wa Kiswahili usipomuonyesha hilo mapema hataelewa kwa nini mzee analia kwa kupata mtoto wa kike, atadhani ni roho mbaya. Muonyeshe mzee anauza ng'ombe, anaweka shamba rehani, anaandika orodha, friji, pikipiki, dhahabu tola ngapi, alafu wale wanaangalia orodha wanasema televisheni je.

Na hapo tena Tagore, mwaka 1891, miaka mingi kabla hata ya bibi zetu, aliandika juu ya baba aliyekubali kutoa rupia 10,000 na hakuzikamilisha. Binti akawa kama amewekwa rehani kule kwa wakwe, baba akienda kumuona haruhusiwi kukaa naye vizuri, mpaka mzee akauza nyumba ya familia kwa siri ili alete zilizobaki. Na binti mwenyewe ndo akamkataza, akamwambia ukiwapa hata senti moja hunioni tena, mi sio mfuko wa pesa. Baadaye akaugua, hakuitiwa daktari mpaka ilipokuwa too late, akafa, wakamfanyia mazishi makubwa ya sifa. Alafu mama mkwe akamwandikia mwanawe chukua likizo urudi, tumeshakupatia mwingine, na safari hii ni rupia 20,000, taslimu. Hadithi inakatika hapo. Nimeisoma mara nyingi na kila nikifika hapo mkono unanitetemeka, na ninawaambia wote mnaoniuliza jinsi ya kumaliza simulizi, muone Tagore alivyoachia pale bila kuongeza hata neno la huruma.

Kuna desturi nyingine ya huko kaskazini ambayo nilielezwa na mama mmoja wa Kihindi jirani yetu Tanga, mzee sana sasa hivi, watoto wake wako Uingereza. Aliniambia babu yake alivyokuwa akienda kumtembelea binti yake aliyeolewa hakuwa anakula wala kunywa chochote kwenye nyumba ile, hata maji, kwa sababu binti ameshatolewa na mtu hatakiwi kula kwenye kitu alichokitoa. Fikiria we ni bibi harusi wa miaka 17, baba yako kaja kwa miguu juani, amekaa kwenye kitanda cha kamba uani, we uko jikoni na gudulia la maji baridi na huwezi kumpelekea. Mama yule alikuwa ananihadithia huku anachambua mchele, wala hakulia, ila alichambua ule mchele mpaka haukuwa na kitu cha kuchambua na bado vidole vinaendelea.

Hiyo niliitumia kwenye simulizi yangu. Ndo sura iliyonunuliwa kuliko zote.

Mume sasa. Msimfanye shetani, nawaomba. Tamthilia zimetufundisha kila mume wa kupangiwa ni katili au malaika, hakuna wa katikati. Wengi ni vijana tu ambao na wao wamepangiwa, nyota zao zimelinganishwa na za binti na kuhani, kwa alama 36, na zikipungua chini ya 18 mara nyingi posa inavunjika, na wao pia wanamuogopa mama. Mwandishi Jhumpa Lahiri kwenye kitabu chake cha 2003 ana binti wa Kolkata ambaye kabla hajaingia sebuleni kuonwa na wachumba anakuta viatu vya kijana mlangoni, vya kutoka Marekani, anaingiza miguu yake mle ndani, bado kuna joto na jasho la mwenye viatu. Hajamuona uso. Anaingia sebuleni akiwa ameshajua kitu kumhusu ambacho hakuna mtu amemwambia. Ni kitendo kidogo mno, lakini pale binti amechagua kitu kwa mwili wake mwenyewe kwenye siku ambayo kila kitu amechaguliwa. Mtafutieni bibi harusi wenu kitu kama hicho, cha kwenu, sio viatu tena.

Na mjue ni Wahindi gani mnaandika. Kuzunguka moto na hatua saba ni kwa Wahindu. Waislamu wa India wanafunga nikahi kama sisi, na mume anataja mahari kwenye mkataba, ingawa familia nyingi za binti wa Kiislamu nazo zinadaiwa vitu kama kwa Wahindu. Kerala ya kusini sio Punjab ya kaskazini, bibi harusi wa Kihindu wa Kerala kwa desturi huvaa sari nyeupe yenye pindo la dhahabu, ukimvalisha nyekundu kwa sababu umeona kwenye televisheni msomaji anayejua anakuacha hapo hapo. Someni jamani. Kuandika ni kusoma, mtu asikudanganye eti kipaji. Mi nilikuwa nasoma nikiwa nakuna nazi, kitabu nimekiegemeza kwenye kinu, mama mkwe anauliza unasoma nini namwambia hadithi za Wahindi ananyamaza, na baadaye akaanza kuniuliza mwenyewe, yule binti wako ikawaje. Siku hizi ufunguo wa kabati niko nao mimi. Hakunipa kwa sherehe, aliuacha juu ya meza akaenda kwa mwanawe Wete akakaa muda mrefu, na aliporudi hakuuliza.

Tena mwaka, muweke mwaka. Binti wa 17 anaolewa India lini? Sheria ya 1929 iliweka miaka 14 kwa msichana, na ni 1978 ndo ikapandishwa ikawa 18, mvulana 21. Kwa hiyo kama simulizi yako ni ya watu wenye simu za mkononi basi familia nzima inavunja sheria, na wanajua, na kuna mtu kwenye kijiji anaweza kwenda kusema, stori inabadilika kabisa. Pesa za kumtoa binti nazo zimepigwa marufuku tangu 1961, wanazitoa kwa kuziita zawadi. Hiyo nayo iandike, wanavyoziita zawadi, wanavyotabasamu.

La mwisho, kuna msomaji wangu mmoja alinisema kwenye grupu kwamba bibi harusi wangu anajibu sana, eti wasichana wa Kihindi wa zamani hawakuwa hivyo, walikuwa wanalia tu. Hili sikubali hata kidogo. Kulia wamelia, lakini soma habari za Rukhmabai wa Bombay. Aliozwa ana miaka 11, akabaki kwao akikua na kusoma, mume akaja kumdai mahakamani mwaka 1884, kesi ikapanda ikashuka, na mwaka 1887 hakimu akamuamuru aende kwa mume au afungwe miezi sita. Akasema bora jela. Malkia wa Uingereza anatawala, jamii nzima inamsema kwenye magazeti, na binti anasema bora jela. Mwisho walimalizana kwa fidia mwaka uliofuata, yule mume akalipwa rupia 2,000, na Rukhmabai akaenda London kusomea udaktari, akarudi akafanya kazi Surat, huko huko Gujarat anakotoka binti wa kwenye simulizi yako.