Charizard ya mtumba wa Memorial: usiitoe kwa elfu hamsini kabla hujasoma mstari wa chini

Mkuu, umesema kwenye boksi la vitu vya watoto ulilonunua soko la mitumba la Memorial hapo Moshi mmekuta kadi kama mia mbili za Pokémon, ule mchezo wa Kijapani, Charizard (ile yenye picha ya joka la moto) ikiwemo, na kuna mtu anataka kuzibeba zote leo kwa elfu hamsini. Mwambie asubiri. Jina Charizard peke yake halisemi kitu, kwa sababu kadi hiyo imechapwa mara nyingi mno. Bei iko kwenye maandishi madogo na kwenye hali ya karatasi.

Anza na namba ya kona ya chini kulia. Unayoitafuta ni 4/102, toleo la Kiingereza la mwaka 1999. Ikiwa 4/130 ni ya mwaka 2000. Ikiwa 11/108 ni ya 2016, iliyochorwa makusudi ifanane na ya zamani, na hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Hata 4/102 ina mtego wake: mwaka 2021 ilirudiwa kwa namba ileile, ila ikawekewa alama ndogo ya Pikachu yenye 25 karibu na picha.

Sasa soma mstari mdogo kabisa wa chini. Toleo la kawaida linaandika “1995, 96, 98 Nintendo”, na mwishoni “1999 Wizards”. Ukikuta “95, 96, 98, 99”, tazama fremu ya picha upande wa kulia. Kama haina kivuli, umeshika chapa ya mapema, na hapo mikono iwe mikavu. Halafu tafuta muhuri wa duara wenye 1 na neno Edition, kushoto chini ya picha. Huo ndio muhuri wa chapa ya kwanza. Charizard iliyouzwa dola 420,000 mwezi Machi 2022 ilikuwa ya chapa hiyo na imepewa 10, alama ya juu kabisa, na PSA, kampuni ya Marekani inayopima hali ya kadi, kwa hiyo usiichukue bei ile ukaibandika kwenye ya kawaida. Charizard 4/102 yenye muhuri huo lakini fremu ina kivuli, muhuri umegongwa na tapeli. Kadi ya Machamp, namba 8/102, ni habari nyingine: ile ilitoka na muhuri huo hata kwenye chapa zenye kivuli, basi usishtuke ukiiona.

Kupima bandia, nenda kwa dalali yeyote wa vito pale Arusha umuazime kioo chake cha kukuza mara 10. Kwenye kadi halali rangi ni vinukta vilivyopangika vizuri, na herufi nyeusi zimekolea bila nukta. Bandia nyingi zimenakiliwa kutoka kwenye picha, hivyo hata herufi zinavunjika kuwa nukta. Tazama pia neno Pokémon upande wa nyuma: é isiyo na alama yake juu ni bandia moja kwa moja. Kisha ingia chumba chenye giza, weka tochi ya simu nyuma ya kadi, na fanya hivyohivyo kwa kadi ya kawaida ya toleo lilelile unayoiamini. Katikati ya karatasi halali kuna tabaka jeusi linalozuia mwanga mwingi. Bandia nyingi huwaka kama taa ya kandili. Usikubali mtu aichane kona “kuangalia tabaka”. Kadi za miaka ile pia hung'aa ndani ya picha tu. Ikimetameta mpaka kwenye fremu ya njano, iweke pembeni.

Kinachoniuma zaidi ni uharibifu unaofanyika baada ya kadi kupatikana. Usiifute kwa spiriti, usiifute kwa raba, na tafadhali usiipeleke steshenari kuilaminisha. Cheti kinalindwa hivyo. Kadi inauawa, maana plastiki ile haitoki tena. Rababendi hukata kingo. Mafaili ya plastiki laini yenye harufu kali hunata kwenye wino baada ya muda. Kila kadi yenye alama ya nyota kwenye kona ya chini kulia, yaani adimu, iingie kava laini kwanza, halafu kava gumu la plastiki.

Hali ya hewa yetu nayo ina kazi yake. Kadi za kung'aa zina tabaka linalong'aa upande mmoja na karatasi upande wa pili. Masika karatasi hunyonya unyevu na kutanuka, kadi ikapinda kama sahani kuelekea kwenye picha. Kiangazi karatasi husinyaa na kadi hupinda kwenda nyuma. Ukiona imepinda usiikandamize kwa pasi. Iliyopinda kwa unyevu iweke kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri pamoja na vifuko viwili vitatu vya silika, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, unyevu ukae kama asilimia 40 hadi 50, na kopo likae kabatini, si juu ya kabati chini ya bati.

Kabla ya kuwaza PSA, chukua rula. Mpaka wa kushoto ukiwa mm 2 na wa kulia mm 4, sahau 10. Geuza utafute weupe kwenye kona, kisha inamisha kadi dirishani uone mikwaruzo kwenye picha. Ikiwa na mkunjo, ada ya kupima na gharama ya kwenda na kurudi Marekani havilipi, labda iwe chapa ya kwanza.

Bei utafute kwenye mauzo yaliyokamilika eBay, soko la mtandaoni, kwa hali inayofanana na yako. Bei anayoitaja muuzaji ni matamanio yake. Ukituma kwa EMS, huduma ya vifurushi vya haraka, pale Posta ya Clock Tower, kava gumu likae katikati ya vipande viwili vya boksi gumu, selotepu iguse boksi tu, na thamani iandikwe kwa ukweli.

Huyo wa elfu hamsini mwachie zile za kawaida, zenye alama ya duara na ya almasi kwenye kona hiyo ya chini, zisizo na muhuri wa chapa ya kwanza. Zenye nyota zibaki kwako hadi umalize kuzisoma moja moja.