Mikoko Mwanza? Hapana, tuna mafunjo

Kaka, umeuliza kama tupande mikoko huku Mwanza kama kule Rufiji, ili viboko na mamba wabaki kwao. Haitafaa. Mikoko ni miti ya pwani, ya maji chumvi. Ziwa letu ni maji baridi, na kazi hiyo huku inafanywa na mafunjo na matete. Humo kamongo na kambale huzaliana, na kule kisiwani Rubondo ndimo nzohe (swala wa kwenye vinamasi) hujificha.

Tukishafyeka tukalima mchicha hadi ukingoni, kiboko anayetoka usiku kutafuta nyasi (anaweza kula kilo 40) anakutana na bustani yako. Halafu tunamwita mvamizi! Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, lakini pita tu ufukweni uone.

Mamba ni habari nyingine. Yeye huvizia palepale mnapochota maji kila siku. Hapo jengeni kizimba cha nguzo na wavu imara majini, au bora zaidi mpate bomba kijijini. Akionekana, mwambieni afisa wanyamapori wa wilaya, msimwendee na mapanga.