Kipimo cha vinasaba cha saratani ya ini: kaka yangu apime?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali ya wilaya. Baba yetu alifariki kwa saratani ya ini iliyotokana na homa ya ini B. Kaka yangu, miaka 34, naye ana kirusi hicho ila hajisikii kuumwa. Kuna maabara ya nje inayouza kipimo cha damu cha jeni za TP53 na TERT. Wanasema kinagundua saratani mapema na kutabiri itakavyoenda. Familia tunachangishana. Je, tupime?

Jibu: Marahaba. Poleni sana kwa kuondokewa na mzee.

Ningekuwa kwenye kikao chenu, ningeomba fedha hizo zisitumwe nje kwanza. Sayansi ya jeni hizo ni ya kweli, tena ni nzuri, lakini haijibu swali la kaka yako.

Anza na TERT. Jeni hii hutengeneza kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu. Kwenye seli za ini la mtu mzima kwa kawaida huwa imezimwa, na saratani huiwasha. Mara nyingi herufi moja ya DNA hubadilika kwenye swichi yake, na hiyo ndiyo vipimo vingi huitafuta. Ila kirusi cha homa ya ini B kina tabia ya kupachika vipande vya DNA yake ndani ya DNA ya seli, na sehemu kinayoipenda kuliko zote ni jirani na swichi hiyohiyo. Wewe wa maabara utaliona tatizo mara moja: praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoelekeza kipimo pa kutazama) zilizoundwa kutafuta herufi moja hazitakiona kipande cha kirusi kilichojipachika pembeni. Cheti kitasoma "hakuna mabadiliko" huku TERT ikiwa imewashwa.

TP53, jeni ambayo kwa kawaida huzuia seli zilizoharibika zisiongezeke, nayo ina nafasi maarufu, ya 249. Herufi AGG hugeuka AGT, na kwenye protini yake asidi-amino ya ajinini ikawa serini. Kosa hilo la G moja kuwa T ni alama ya sumukuvu, ile ya mahindi na karanga zilizoota ukungu. Mwaka 1991 watafiti waliripoti kuliona kwenye saratani za wagonjwa wa Qidong, China, na wa kusini mwa Afrika. Baadaye likatafutwa kwenye plazma (majimaji ya damu) huko Gambia: wagonjwa wengi wa saratani hawakuwa nalo, na watu wachache wasio na saratani walikuwa nalo. Kwa hiyo likipatikana halithibitishi saratani, na lisipopatikana halimtoi mtu wasiwasi.

Kuhusu kutabiri, uvimbe wenye TP53 iliyoharibika mara nyingi huenda vibaya zaidi. Lakini hapo tunazungumzia mtu ambaye uvimbe wake umeshaonekana, na hata kwake ukubwa wa uvimbe na nguvu iliyobaki kwenye ini ndivyo vinavyoamua tiba.

Kinasaba ninachotaka mkipime ni cha kirusi chenyewe: wingi wa DNA yake kwenye damu. Utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2006 ulifuatilia watu 3,653 kwa zaidi ya miaka 10. Waliokuwa na nakala za kirusi chini ya 300 kwa mililita ya damu, asilimia 1.3 walipata saratani. Waliofikia nakala milioni moja au zaidi, asilimia 14.9. Aina za kirusi za huko si hizi zetu za A na D, hivyo usizihamishe asilimia hizo kama zilivyo, lakini mwelekeo wake nauamini. Ulizia kama mashine ya GeneXpert mnayopimia kifua kikuu inaweza kupata katriji ya homa ya ini B. Na ukisoma majibu angalia vizio: IU (kizio cha kimataifa) moja ni takriban nakala 5.

Pamoja na hicho, apigwe ultrasaundi ya ini kila miezi 6, kuanzia sasa. Baba alikuwa na saratani, na kwa Waafrika wenye kirusi hiki hatungoji miaka 40. Alfa-fetoprotini, protini ya damu ambayo saratani nyingi za ini huitoa, ipimwe pia, ila isiachwe peke yake, kwa sababu vimbe nyingine hazitoi kabisa. Kutokuumwa kusiwadanganye: homa ya ini B inaweza kuleta saratani hata kwenye ini lisilo na makovu.

Daktari wake akiona anahitaji tenofovir, dawa ya kukizuia kirusi kisizaliane, aimeze bila kuruka. Dawa hiyo hupunguza hatari, haiifuti, maana vipande vilivyokwisha kujipachika haviondoki. Ndiyo maana ultrasaundi itaendelea hata kirusi kisipoonekana tena kwenye damu.

Jambo moja limenisumbua kwenye barua yako: umemtaja kaka tu. Wewe, mama na wadogo zenu mmepima? Kesho ukiingia kazini, jitoe damu kabla ya sampuli ya kwanza. Ambaye hana kirusi wala kinga achanjwe, dozi zote 3.