Wasomaji Wanauliza: Disneyland Paris kwa mfuko mdogo

SWALI: Mhariri, salaam. Ninaishi Köln, Ujerumani, pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Wa kwanza ana miaka 13, wa pili ana miaka 7, na kitinda mimba atatimiza miaka 3 mwezi Julai. Mama mkwe wangu amekuja kututembelea kutoka Tanga, na watoto wameshikilia kwamba ni lazima wamfikishe Disneyland Paris kabla hajarejea nyumbani. Mume wangu hapati likizo, kwa hiyo tutakwenda mimi, mama na watoto kwa gari letu. Fedha tulizoweka si nyingi, na sitaki turudi na deni. Je, twende lini, tulale wapi, tule nini, na kuna haja gani ya kumkatia mama tiketi ya mtu mzima ilhali magoti yanamsumbua na hatapanda chombo chochote cha michezo? – Mama wa watatu, Köln.

JIBU: Dada mpendwa, nimefurahi kwamba umeuliza mapema, kwa sababu fedha nyingi zaidi katika safari hii huokolewa siku ya kuchagua tarehe, wala si siku ya kubana matumizi mkiwa ndani. Disneyland Paris ni bustani ya burudani, na tiketi zake huuzwa kwa tarehe maalumu, na bei hupanda na kushuka kulingana na wingi wa watu wanaotarajiwa. Kwa mtu mmoja, tofauti kati ya siku tulivu ya katikati ya wiki na Jumamosi ya likizo inaweza kufikia makumi ya euro. Izidishe kwa idadi yenu ndipo utaona uzito wake.

Jambo la kwanza la kutazama ni umri wa watoto, kwa kuwa umri unaohesabiwa ni ule wa siku ya kuingia. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 huingia bure, wa miaka 3 hadi 11 hulipiwa bei ya mtoto, na kuanzia miaka 12 hulipiwa bei ya mtu mzima. Kwa hiyo mkienda kabla ya Julai, kitinda mimba wenu hatalipiwa chochote, na mtahitaji tiketi moja ya mtoto na tatu za watu wazima, kwani kijana wako wa miaka 13 tayari amevuka mpaka. Beba hati inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa ya mdogo.

Sasa, lini hasa? Shule za Ujerumani hazimruhusu mzazi kumtoa mtoto darasani kwa ajili ya matembezi, na faini inaweza kutozwa, hivyo siku tulivu za Novemba au Januari ambazo makala nyingi huzisifia hazikufai. Lakini jimbo lenu la Nordrhein-Westfalen lina neema yake. Sikukuu ya Fronleichnam, yaani ile ya Wakatoliki ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo huangukia Alhamisi mwishoni mwa Mei au mwezi Juni, ni siku ya mapumziko kwenu, ilhali Ufaransa ni siku ya kazi na ya shule. Shule nyingi za jimbo hilo huipumzisha pia Ijumaa inayofuata. Uliza shuleni kwa watoto kabla ya kulipia chochote. Mkisafiri Alhamisi, mkaingia bustanini Ijumaa na kurudi Jumamosi, mtakuwa mmeikwepa siku yenye msongamano na bei kubwa, na mtoto wa miaka 2 atakuwa bado na miaka 2. Epuka wikendi ya sikukuu ya Kupaa, kwa sababu Wafaransa wengi huiunganisha Ijumaa yake na mapumziko, na umati wake huwa mkubwa.

Utagundua kwamba nimekuhesabia siku moja tu ya kuingia, nami nakusihi utosheke nayo. Bustani ziko mbili: ya kwanza ilifunguliwa Aprili 1992 na ya pili mwaka 2002, na tiketi ya kuingia zote mbili ni ghali kuliko ya bustani moja. Kwa familia yenye mtoto mdogo na bibi mwenye magoti mabovu, bustani ile ya kwanza peke yake ni kazi ya kutwa nzima. Wanaokimbia kutoka moja hadi nyingine hulipia zaidi ili wachoke zaidi, na anayechoka mwishowe hununua chochote kilicho karibu kwa bei yoyote.

Kuhusu mama mkwe wako, mkatie tiketi bila kusita. Kwanza, ndiye mgeni ambaye safari yenyewe inafanywa kwa ajili yake. Pili, si kweli kwamba hatakuwa na la kufanya. Katika "it's a small world" nyote watano, pamoja na mtoto, mtaketi kwenye mashua moja inayokwenda taratibu juu ya maji katikati ya mamia ya wanasesere wanaoimba, na hakuna sharti la urefu wala mtikisiko wa kuumiza goti. Gwaride hutazamwa kutoka kando ya njia. Mkiwahi, mtampatia mahali pa kuketi. Chini ya kasri kuna pango ambalo watu hulipita kwa miguu tu: ndani yake joka kubwa limefungwa mnyororo kandokando ya maji meusi, linalala, kisha linainua shingo polepole, linafumbua macho na kunguruma huku moshi ukitoka puani. Mshikeni mdogo mkono, kwa maana ngurumo ile huwashtua hata wakubwa. Likiwa linafanya kazi siku hiyo, lipo pia gari-moshi la mvuke linaloizunguka bustani nzima, nalo litampumzisha huku akiona kila upande. Kama ana kiti cha magurudumu au mnaweza kuazima, kibebeni kwenye gari, kwa kuwa kukodi huko ni gharama nyingine.

Ni kweli pia kwamba bibi akikaa na mjukuu kivulini, wewe na wakubwa wawili mtaweza kupanda vyombo vya kasi pamoja. Hata hivyo panga zamu hizo ziwe chache na fupi, kwani hakutoka Tanga kuja kulea kwenye benchi. Mpime urefu mtoto wa miaka 7 nyumbani kabla hamjaondoka, akiwa amevaa viatu vya safari. Kati ya vyombo hivyo vya kasi, Big Thunder Mountain huhitaji mita 1.02, ambazo bila shaka anazo, lakini Hyperspace Mountain huhitaji mita 1.20, na ni afadhali ajue ukweli huo sebuleni kuliko kurudishwa mlangoni baada ya saa nzima ya foleni. Huduma ya kulipia ili kupita foleni iacheni. Fikeni kabla ya milango kufunguliwa, pandeni vile vyenye foleni kubwa mapema, na tumieni programu ya simu ya bustani, ambayo ni ya bure na huonyesha muda wa kusubiri kila mahali.

Malazi yasiwe ndani ya eneo la bustani. Tafuta nyumba ya wageni yenye jiko dogo karibu na stesheni ya Val d'Europe, ambayo ni kituo kimoja tu kabla ya bustani kwenye treni ya RER A, au mbali kidogo zaidi, upande wa Paris, kule Torcy, ambako bei aghalabu ni nafuu zaidi. Hakikisha gari linaegeshwa bure hapo, kisha liacheni na mpande treni. Nauli moja ya treni kwa eneo zima la Paris ilipangwa kuwa euro 2.50 Januari 2025, na imepanda kidogo tu tangu hapo. Mwenye miaka 7 hulipa nusu na mdogo halipi. Hata ukijumlisha kadi za nauli za Navigo Easy, ambazo kila anayelipa nauli lazima awe na yake, bado mtatumia chini ya ada ya maegesho ya bustani. Kodi ya malazi huongezwa kwa kila usiku, ila walio chini ya miaka 18 hawatozwi.

Chakula ndicho kinachozila fedha za familia nyingi, na ndipo jiko lile dogo linapojilipa. Bustani inaruhusu kuingia na chakula chepesi, mradi hamna chupa za kioo, pombe wala masanduku makubwa ya barafu. Chapati zilizokunjwa na mayai, maandazi, tende, matunda, pamoja na chupa tupu za kujaza maji kwenye mabomba ya ndani, vitawafikisha jioni bila wasiwasi wa nyama isiyo halali. Tengeni fedha za kitu kimoja tu cha kununua ndani, aiskrimu kwa mfano, na bibi ndiye awanunulie.

Mwisho, nyaraka. Viza ya Schengen ya kawaida aliyopewa na Ujerumani inamruhusu kuingia Ubelgiji na Ufaransa ndani ya siku zake, lakini pasipoti iwe mkononi, na ya kila mtoto pia, kwa sababu tangu Septemba 2024 Ujerumani imekuwa ikikagua watu kwenye mipaka yake ya nchi kavu. Kwa kuwa baba hayupo safarini, barua yake fupi ya ridhaa ni ya busara. Barabara kuu za Ubelgiji hazina ada kwa magari madogo. Za Ufaransa zinayo, basi iwekeni kwenye hesabu pamoja na mafuta ya takriban kilomita 500 kila upande.

SWALI: Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu anauza tiketi za Disneyland Paris kwa nusu bei. Je, ninunue? – Baba wa wawili, Brussels.

JIBU: Usinunue, ndugu yangu. Tiketi ni alama inayosomwa na mashine mlangoni, na nakala yake inaweza kutumwa kwa watu kumi. Wa kwanza kufika ndiye anayeingia, na wengine hubaki nje na watoto wao. Nunua kwenye tovuti ya bustani yenyewe, na kabla ya kulipa fungua kalenda ya bei uangalie tarehe za jirani.